Kamba ya Kunguru

Mjomba wangu aliogopa mbwa, radi, pikipiki, sindano, ngazi zisizo na mahali pa kushika, na watu wanaocheka bila sababu. Aliogopa pia mijusi, ingawa hilo alilikana mpaka mwisho. Kanisani alikaa benchi la nyuma karibu na mlango, na mama yangu, ambaye ni dada yake mkubwa, alikuwa akisema kwamba hata mbinguni mdogo wake ataomba kiti cha karibu na mlango, asije akahitaji kutoka haraka. Mtaani walimwita Kunguru, kwa ile methali ya kunguru mwoga kukimbiza ubawa wake. Hakukasirika. Alisema kunguru wote aliowahi kuwaona walikuwa na mbawa zao kamili.

Basi mtu huyo ndiye aliyekuwa mshika kamba wa baba yangu.

Baba alikuwa fundi wa visima. Alichimba kwa mkono, kwa sururu ya mpini mfupi na koleo, huko chini ambako mwanga wa mchana unabaki kiduara kidogo juu ya kichwa. Kazi hiyo ina kamba mbili. Moja ni ya ndoo, ya kutolea udongo, na vibarua huizungusha kwa winchi ya mbao. Nyingine ni kamba ya mtu. Hupita chini ya makwapa ya anayeshuka, hupanda mpaka juu, huzungushwa kwenye nguzo iliyochimbiwa ardhini, na mwisho wake hufungwa kiunoni mwa mshika kamba, ambaye huketi nyuma ya nguzo amekanyaga gogo. Mafundi wengine huishia kwenye nguzo. Baba alikataa. Alisema nguzo haijui kuogopa, na kitu kisichojua kuogopa hakifai kukabidhiwa mtu.

Walipomcheka kwa kumtumia Kunguru, alikuwa na jibu lake. "Jasiri ataachia ajikune," aliwaambia. "Huyu hata nzi akimtua puani hathubutu."

Lakini aliyemchagua mjomba hakuwa baba. Alikuwa mama. Kabla hawajaoana, fundi mwenzake wa baba alifia kisimani kwa sababu mshika kamba wake alikwenda kuwasha sigara. Mama aliposikia habari hiyo alimwita mdogo wake jikoni akafunga mlango.

"Nitaolewa na yule mtu," alimwambia. "Na kamba yake utaishika wewe."

"Dada, mimi mashimo nayaogopa."

"Sikutumi ndani ya shimo. Nakutuma ukae nje, ushike, usiachie. Niambie mbele za Mungu."

Mama anasema mjomba alisimama kando ya jiko akitokwa na jasho la uso mzima, akatazama mlango, akaona umefungwa. Kisha akasema, "Mbele za Mungu, dada, sitaiachia." Mama akampakulia chakula. Neno lenyewe lilikuwa hilo tu, bila shahidi mwingine wala mkono kuinuliwa. Ila ahadi ni deni, na deni nalo lilikuwa miongoni mwa vitu ambavyo mjomba aliviogopa.

Kanuni zao zilikuwa mbili, na hazikuvunjwa hata siku ambayo baba alikuwa na haraka. Ya kwanza, taa hutangulia. Kabla ya mtu kushuka, kandili inayowaka inateremshwa polepole mpaka chini kabisa, kwa sababu kuna hewa mbaya inayotuama kwenye mashimo na haina harufu wala rangi. Taa ikizimika, hakuna anayeshuka. Ikipanda bado inawaka, basi penye taa hai mtu naye ataishi. Kanuni ya pili ni kuitana. Wa juu anauliza, "Upo?" Wa chini anajibu, "Nipo." Kisha wa chini naye anauliza, na wa juu anajibu. Siku nzima ni hivyo hivyo, upo, nipo, upo, nipo, mpaka mpita njia anafikiri hawa watu wamechanganyikiwa. Wa chini asipojibu, wa juu havumilii wala haendi kuomba ushauri. Anavuta.

Hayo ndiyo maisha waliyoishi tangu kabla sijazaliwa mpaka nikawa mtu mzima, na siku ninayotaka kuisimulia nilikuwa na mtoto wangu mgongoni.

Walikuwa wakichimba kisima nyuma ya kanisa letu. Nilikuwa nimewapelekea chakula. Udongo wa mahali pale ulikuwa wa kichanga, na baba alikuwa ameamua kwamba wakifikia maji tu atapanda, na kesho yake wataanza kuteremsha pete za zege ili kuta zishike. Mjomba alikuwa amekaa kwenye nafasi yake, kamba kiunoni, uso umekunjamana kama kawaida yake. Nilimsalimia, akaniitikia bila kugeuka. Hakuwahi kuondoa macho kwenye kamba kwa ajili ya mtu yeyote, hata mchungaji.

Ndipo baba akapiga kelele kutoka chini. "Maji."

Sasa, waumini wetu ni watu wa shukrani. Kina mama walikuwa ndani wakifanya mazoezi ya kwaya, na neno lile liliwafikia kabla hata vibarua hawajalielewa vizuri. Walitoka kundi zima, wanaimba, wanapiga makofi, wanakuja moja kwa moja kwenye mdomo wa kisima kuyaona maji waliyoyaombea. Mjomba aliwaona.

"Msisogee," alisema. "Jamani, rudini nyuma. Udongo hautawabeba."

Alisema kwa sauti ile ile aliyotumia kutuonya kuhusu radi na mijusi, na kila mtu alikuwa ameshaizoea. Mmoja wao akamcheka, akasema, "Kunguru, leo hata baraka unaziogopa?" Wakausogelea ukingo, wakainama kutazama, bado wanaimba. Niliona ardhi ikitikisika chini ya miguu yao. Halafu ukingo ukakatika.

Walirudi nyuma wote wakiwa salama, namshukuru Mungu kwa hilo. Mchanga ndio ulioanguka. Ulishuka kwa mngurumo ambao niliusikia kifuani zaidi ya masikioni, na vumbi likapanda kutoka kisimani. Nilitaka kukimbilia pale na nilitaka kukimbia nyumbani, yote kwa pamoja, nikabaki nimesimama na mtoto mgongoni.

"Upo?" mjomba aliita.

Kimya.

"Shemeji, upo?"

"Nipo." Sauti ya baba ilikuwa nyembamba, ya mtu anayebana pumzi. Udongo ulikuwa umemfunika mpaka kifuani. Na kwa kuwa maji yalikuwa yakipanda chini yake, udongo ule uligeuka tope, na tope lilikuwa likimvuta. Kilichomzuia kuzama ni ile kamba iliyopita makwapani, na kamba ilikuwa ikienda kwa mjomba.

Wakati huo ndipo nguzo ilipoanza kuinama. Ufa ulikuwa umepita kando yake, ukawa unakuja taratibu kuelekea gogo ambalo mjomba alikuwa amelikanyaga. Nguzo ikalala upande, ikang'oka, ikatumbukia kisimani kwa kishindo, ikamkosa baba chupuchupu. Uzito wote wa baba ukamjia mjomba kiunoni. Alivutwa mbele, akajizuia kwa visigino, akalala chali. Nilimwona uso. Mwanadamu mwenye hofu kama ile sijamwona tena, na naomba nisimwone. Midomo ilikuwa myeupe, meno yanagongana, na suruali yake ilikuwa imelowa, si kwa maji ya kisima.

"Jifungue," kibarua mmoja alimwambia. "Kunguru, ardhi inakatika hapo ulipo. Jifungue, tutafute njia nyingine."

Mjomba alitikisa kichwa. Alikuwa analia kama mtoto, lakini mikono haikwenda kwenye fundo.

Baba alisikia nguzo ikianguka, akaelewa. "Shemeji," aliita kutoka chini. "Fungua. Ile ahadi yako nimekusamehe. Dada yako asipoteze watu wawili siku moja."

Mjomba akajibu kwa sauti ya kutetemeka ambayo sote tuliisikia. "Neno sikukupa wewe."

Akajikaza tena kwenye gogo. Mchungaji, ambaye alikuwa ametoka mbio na kamba ya kengele mkononi, alituambia tusisogee bila kitu cha kutandaza uzito. Wakaanza kutoa mabenchi ya kanisa. Benchi la nyuma, la karibu na mlango, ndilo lililotangulia kutoka, na ndilo lililowekwa juu ya ule ufa miguuni mwa mjomba. Mengine yakalazwa kuzunguka mdomo wa kisima. Kibarua mwembamba kuliko wote akatambaa juu yake kwa tumbo, akateremsha ndoo kwa kamba ya kengele, maana ile ya winchi ilikuwa imefukiwa, ili baba mwenyewe aanze kuchota tope lililomzunguka kwa mikono yake, ndoo baada ya ndoo. Ilikuwa kazi ya polepole ya kukatisha tamaa. Kila ndoo ikipanda, mchanga kidogo ulimwagika tena, na kila ulipomwagika kwaya nzima ilishika vinywa.

Na wakati wote huo walikuwa wakiitana. Upo. Nipo. Upo. Nipo.

Kisha sauti ya mjomba ikakatika.

Lilikuwa vumbi, au ile hofu yenyewe, au kamba iliyokuwa ikimbana tumbo. Baba aliuliza, "Upo?" na mjomba akafungua mdomo na hakuna kilichotoka. Niliona koo lake likipanda na kushuka. Baba akauliza tena. Mimi na wengine tukaanza kupiga kelele kwamba yupo, yupo hapa, lakini baba alituambia baadaye kwamba kelele za watu wengi zikifika chini huwa mvumo tu, na katika mvumo ule alitafuta sauti moja na hakuipata. Akaita mara nyingi. Halafu akaacha kuita. Tukasikia kitu ambacho sikuwahi kukisikia maishani mwangu, baba yangu akilia.

Mjomba alikuwa akisikia kila kitu. Alikuwa ananitazama mimi, mdomo wazi, machozi yanashuka masikioni kwa kuwa alikuwa amelala chali. Nadhani hiyo ndiyo adhabu kubwa kuliko zote alizopata siku ile, kushika kwa nguvu zake zote huku anayemshikia akiamini kwamba ameachwa.

Tulikaa hivyo mpaka jua likaanza kuegemea. Hatimaye ndoo zikashinda tope, miguu ya baba ikalegea, na watu wote wakashika kamba pamoja na mjomba wakavuta. Baba alitoka akiwa rangi moja na udongo, mguu mmoja umevunjika karibu na nyonga. Kitu cha kwanza alichofanya ni kuangalia kamba inaishia wapi. Mjomba alipomwona amelala juu ya benchi, anapumua, alizimia. Ilibidi fundo la kiunoni likatwe kwa kisu, maana lilikuwa limekaza kiasi ambacho vidole havikuweza kulifungua.

Jumapili iliyofuata baba alibebwa kanisani kwenye kiti ili ashuhudie. Si msemaji. Alisema tu hivi: "Niliita, sikujibiwa. Nikaona nimeachwa, nikalia. Nilipochoka kulia nikajiuliza swali. Kama ameondoka, mbona sizami? Nikagusa kamba hapa makwapani, nikaikuta imekaza vile vile. Tangu hapo sikuita tena. Nilichota tope." Akasema anafikiri hata Mungu tunamwonea namna hiyo, tunahesabu kimya chake na tunasahau kugusa kamba. Kisha akaomba wamrudishe kwenye nafasi yake.

Watu walimgeukia mjomba pale nyuma, wakataka aseme alipata wapi ushujaa. Alisimama nusu. "Sikuupata," alisema. "Niliogopa kukaa. Niliogopa zaidi kuachia." Akaketi. Watu husema kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio. Mimi siku hiyo nilikuwa nimekaa benchi lenye mikwaruzo ya mchanga, na sikujua kwetu kulikuwa kumekuja nini.

Baba hakuchimba tena. Mguu ulipona vibaya, na baadaye zikaja mashine za kuchimbia zinazomaliza kazi wakati fundi wa mkono bado anavua shati. Yeye na mjomba walizeeka kwenye kibaraza chetu, mmoja anachechemea, mwingine anashtuka kila pikipiki ikipita. Mjomba alikuwa akiishi chumba cha uani, chenye kitanda cha chuma, dirisha dogo, na ile kandili ya kazini inaning'inia kwenye msumari. Kunguru hakubadilika. Mtu akikuambia hofu humtoka mtu akishatenda jambo kubwa, mlete kwangu nimweleze.

Ndiyo maana ugonjwa wake ulitutisha sote. Mtu aliyeogopa sindano angekufaje? Alipoelewa kwamba haponi, alishika chuma cha kitanda kwa mikono miwili na hakutaka kukiachia, si kwa kula wala kwa kuoshwa. Hakulala. Kila nilipoingia, macho yake yalikuwa yakitazama mlango.

Mchana mmoja wa joto baba aliingia na fimbo yake, akavuta kiti, akaketi kichwani mwa kitanda. Mama alikuwa miguuni. Mimi nilisimama na beseni.

"Shemeji," mjomba alisema, "naogopa."

"Najua."

"Kule ni kiza. Nimeomba tangu asubuhi. Hajibu."

Baba aliegemeza fimbo ukutani. "Na mimi nilikuita siku ile. Ulinijibu?"

"Koo lilikauka."

"Nilizama?"

Mjomba alifikiri, kana kwamba hakuwa na uhakika. "Hukuzama."

"Basi." Baba akachukua ncha ya shuka la mjomba, akaizungusha kwenye kiganja chake, kama tulivyomwona mjomba akifanya kila asubuhi ya kazi. "Leo unashuka wewe, nashika mimi. Kanuni unaijua. Nani hutangulia?"

"Taa."

"Taa ilishatangulia huko. Waliokuwa juu wote walidhani imezimika. Siku ya tatu ikapanda, inawaka."

Mjomba aliitazama ile kandili kwenye msumari kwa muda mrefu. Mikono yake haikutoka kwenye chuma. Ndipo mama akasogea. Aliinama mpaka uso wake ukakaribia wa mdogo wake.

"Neno ulinipa mimi," alimwambia. "Pale jikoni. Nimelipokea lote, halikupungua hata kidogo. Sasa achia, mdogo wangu."

Alimtazama dada yake kuhakikisha. Kisha vidole vikaanza kufunguka, kimoja kimoja, na mama akavipokea.

"Upo?" baba aliuliza.

"Nipo," mjomba alisema. Baada ya kitambo akauliza yeye, kwa sauti ndogo, "Upo?"

"Nipo, shemeji."

Waliendelea hivyo mchana ule, polepole, wakiacha mapengo marefu zaidi kila mara. Bado alikuwa anaogopa, nisiwadanganye. Niliona kifua chake. Lakini alikuwa anashuka.

Baba akauliza tena, "Upo?"

Akangoja. Akauliza mara nyingine. Mama alifumba macho. Niliuona mkono wa baba ukianza kwenda nyuma wenyewe, kwa mazoea, shuka likakaza, kwa sababu kanuni ni kwamba wa chini asipojibu, wa juu anavuta. Halafu mkono ukasimama.

"Atavutwa," baba alisema. "Lakini anayevuta si mimi."

Hakuiachia ncha ya shuka. Aliishikilia mpaka watu walipokuja.